Saa Moja kwa Anayeuguza

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwatoboa wanawake 26 vidonda vidogo mkononi, kila mmoja kimoja, kisichofika upana wa milimita 4, kisha wakahesabu siku za kupona. Wanawake 13 kati yao walikuwa wakiwauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Wengine 13, wa umri na kipato kinacholingana na cha wenzao, hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Vidonda vya wanaouguza vilichelewa kufunga kwa wastani wa siku 9. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la kitabibu la The Lancet. Miaka 4 baadaye Richard Schulz na Scott Beach, nao wa Marekani, walitoa matokeo mazito zaidi. Walikuwa wamewafuatilia wazee wanaowauguza wenzi wao kwa muda wa miaka 4, wakakuta kwamba wale waliokiri kuelemewa na kazi hiyo walikabiliwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wazee wenzao wasio na wa kumuuguza. Kwa hiyo tunapozungumzia uchovu wa mtu mwenye mgonjwa tunazungumzia pia ngozi yake, damu yake na umri wake wa kuishi.

Kwetu mzigo huu unabebwa na familia karibu wote. Hata mgonjwa akilazwa, ndugu ndio wanaoleta uji asubuhi na wali jioni, wanaofua shuka, wanaokimbilia duka la dawa na cheti mkononi, wanaolala kwenye mkeka nje ya wodi wakisubiri kuitwa. Akirudishwa nyumbani, wanabaki peke yao. Utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa kusahau. Kila mmoja wao ana binti, mkwe, mjukuu au mke ambaye siku yake imegeuka kuwa ya kumfuata mtu asiyekumbuka kama ameshakula. Ongeza wenye kiharusi, wenye saratani, watoto wenye mtindio wa ubongo. Tunawapa pole, na pole ina thamani yake, ila haimpunguzii mtu ndoo hata moja. Hoja yangu ni kwamba kazi ya sanaa ya mikono, ikifanywa katika muda uliolindwa ambao mtu mwingine amemshika mgonjwa, inastahili kuwa sehemu ya huduma anayopewa anayeuguza, hospitalini na mtaani. Sharti hilo la muda uliolindwa ndilo lenye uzito, na ndilo litakalosahauliwa kwanza wazo hili likifika kwenye meza ya bajeti.

Wazo la sanaa kama tiba si geni. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuipa tiba hiyo jina, mwaka 1942, baada ya kulazwa kwa kifua kikuu katika sanatorio ya Midhurst. Kabla ya dawa za ugonjwa huo kupatikana, matibabu yalikuwa kulala, kula na kungoja kwa miezi. Hill akachora alichokiona kando ya kitanda chake, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1945 akaandika kitabu juu ya jambo hilo. Kwa miaka mingi iliyofuata brashi ilipewa mgonjwa. Yule aliyekaa kwenye kiti kando ya kitanda hakuulizwa kama naye anataka.

Ameanza kuulizwa karne hii. Mwaka 2004 Sandra Walsh na wenzake, Florida, walichapisha utafiti wa watu 40 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye saratani. Walipewa kazi fupi za sanaa, na baada yake walieleza kupungukiwa na wasiwasi na msongo, na hisia zao njema kuongezeka. Mwaka 2016 Girija Kaimal wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, alipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kuchora, kufinyanga udongo au kubandika vipande vya picha. Kwa robo tatu yao hivi, kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga unapobanwa, ilikuwa imeshuka. Jambo lililonivutia zaidi katika matokeo yake ni kwamba aliyewahi kushika brashi na asiyewahi kabisa walifaidika sawasawa. Kisha mwaka 2019 Kaimal huyohuyo na wenzake wakaenda kwenye kitengo cha mionzi ya saratani, wakawapa watu 34, wafanyakazi wa afya pamoja na ndugu wa wagonjwa, kipindi kimoja cha dakika 45. Baadhi walipaka rangi michoro iliyokwisha kuchapwa, wengine walijitengenezea walichotaka wakiwa na mtaalamu. Makundi yote mawili yalitoka na nafuu. Na Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa ripoti mwaka huohuo iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kuona kwamba ushahidi unatosha kuzishauri serikali zisilipuuze suala hili.

Msomaji mwenye shaka atasema ushahidi huu ni mwembamba, na atakuwa na haki. Watu 39, watu 34, watu 40: hizi ni hesabu za darasa moja la shule. Utafiti wa 2016 haukuwa na kundi la kulinganisha, na kotisoli hushuka yenyewe kadiri jua linavyosogea. Huenda sehemu ya nafuu ile ilitokana na kukaa kitako tu. Tena, nafuu iliyopimwa dakika chache baada ya kazi haituambii lolote kuhusu usiku wa mwezi wa saba wa kuuguza. Lakini tuangalie tunadai nini. Hakuna anayedai kwamba kuchora kunaponya saratani ya mke wako, wala kwamba kunatibu sonona iliyokomaa. Madai ni kwamba kunampunguzia mzigo kwa muda mfupi mtu ambaye kwa sasa hapewi chochote, kwa gharama ndogo, bila madhara ya kuogopesha. Kwa dai la ukubwa huo, ushahidi wa ukubwa huu unatosha kuanzia. Dawa yenye sumu ingehitaji zaidi.

Kuna pia sababu ya kuamini kwamba matokeo hayo hayakutokea kwa bahati, nayo imo ndani ya kazi yenyewe ya kuuguza. Kuuguza hakuna mwisho unaoonekana. Umemwogesha leo, kesho utamwogesha tena. Umemlisha asubuhi, mchana anataka kulishwa. Umemgeuza ubavu wa kulia, baada ya saa 2 atageuzwa wa kushoto asije akapata vidonda vya kulala. Na juhudi zote hizo, zikifanywa kwa uaminifu wote, hazina ahadi ya kwamba atapona. Mwanadamu akiishi muda mrefu katika kazi ambayo haimwonyeshi alichofanya, huanza kujiona hafanyi kitu. Kazi ya mikono ina tabia tofauti kabisa. Anayesuka ukili anaona pima ikiongezeka chini ya vidole vyake. Anayedarizi kofia anajua ua hili limekwisha na lile linafuata. Akikosea, anafumua na kurudia, na kosa lake halimdhuru mtu. Hilo la mwisho nalitilia mkazo, kwa sababu mtu anayepima vijiko vya dawa kila siku huishi na hofu ya kukosea ambayo sisi wengine tunakutana nayo mara chache.

Hapo ndipo wapo watakaouliza: kama ni hivyo, kwa nini wanawake wetu wa pwani, ambao wamesuka ukili tangu utotoni, au mama wa Ukambani anayesuka kiondo akitembea njiani, wanachoka kama wengine? Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba mara nyingi anayesuka huku akiuguza hajapata muda wake hata kidogo. Mikono iko kwenye majani ya mkindu, sikio liko chumbani kwa mgonjwa. Kila kikohozi kinamwinua. Ukili huo ni kazi ya pili iliyowekwa juu ya ya kwanza, na pengine kuna mteja anayeudai kabla ya Ijumaa. Katika tafiti za Kaimal nilizozitaja, kwa zile dakika mtu alikuwa amekaa mahali ambapo hakuna anayemwita. Tukichukua udongo na rangi tukaacha hilo, tutakuwa tumechukua ganda.

Lakini nisieleweke kwamba sanaa ikiguswa na fedha inaharibika. Wapo wanaoamini hivyo. Wanataka shughuli hizi zibaki safi, zisiuzwe, zisiagizwe. Nadhani wanaosema hivyo hawajawahi kuuguza bila nauli. Kijiji cha Hamburg, katika Jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, kinatoa mfano mzuri wa kupingana nao. Mwaka 2000 daktari na msanii Carol Hofmeyr alianzisha pale mradi wa Keiskamma, uliopewa jina la mto unaoingia baharini kijijini hapo, akawafundisha wanawake kudarizi ili wapate kipato. Miaka ile Ukimwi ulikuwa ukiwamaliza wazazi vijana, na bibi ndio waliobaki na wagonjwa, kisha na yatima. Mwaka 2005 wanawake zaidi ya 100 walikamilisha kazi kubwa ya darizi, shanga na picha, iliyojengwa kwa kufuata mpango wa madhabahu ya Isenheim, ile iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516 na ambayo sasa iko Colmar, Ufaransa. Uchaguzi huo ulikuwa na maana, kwani madhabahu ile ya kale ilitengenezwa kwa ajili ya watawa waliokuwa wakiuguza watu wenye ugonjwa wa kutisha wa enzi zao. Ukifungua milango ya ndani kabisa ya kazi ya Hamburg unakutana na picha za bibi watatu wa kijiji, kwa kimo chao halisi, pamoja na wajukuu wanaowalea. Anayeuguza amewekwa mahali pa heshima ya juu kabisa. Wanawake wale walilipwa, na malipo hayakuiondolea kazi yao uwezo wa kubeba msiba. Kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya msongo wake ni njaa, malipo yalikuwa sehemu ya nafuu. Jambo jingine lisisahaulike: Hofmeyr alipambana pia kuwapatia wanakijiji dawa za kufubaza virusi. Sindano ya kudarizia haikutumwa badala ya dawa.

Hapa ndipo ninapogusa pingamizi ninaloliogopa kuliko yote, kwa kuwa lina ukweli mwingi. Linasema: mtu anahitaji kitanda cha mgonjwa kinachoinuka, bima inayolipa, muuguzi anayepita nyumbani mara moja kwa wiki, na ninyi mnampa kalamu za rangi. Ni rahisi mno kwa ofisi isiyotaka kutumia fedha kuandaa siku moja ya sanaa, kupiga picha watu wakitabasamu, na kuandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba wanaouguza wamehudumiwa. Sanaa ikitumiwa hivyo ni pazia la kufichia upungufu, na anayeuguza ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, ubaya wa matumizi hayo hauondoi faida ya kitu chenyewe. Kipimo cha kutenganisha mawili haya ni rahisi: je, mpango umempata mtu wa kukaa na mgonjwa kwa ile saa moja? Kama umempata, maana yake kuna taasisi iliyokubali kwamba kazi ya kuuguza inaweza kushikwa kwa muda na mtu mwingine, na hilo lenyewe ni hatua kubwa kuliko rangi zote. Kama haujampata, mpango huo umemwongezea mtu safari.

Wengine watauliza kwa nini asiachwe tu alale. Kama hajalala usiku wa pili sasa, alale, na asiwepo mtu wa kumwamsha eti aje kuchora. Lakini wanaouguza wengi wanalijua tatizo la kupata nafasi ya kulala na macho yakagoma kufumba, kichwa kikirudia bili, vipimo, maneno ya daktari, maneno ya shemeji. Kwa mtu wa namna hiyo kupumzika bila kufanya kitu ni kukaa na kuwaza. Kazi inayotaka kuhesabu mianzi, kuchagua rangi, kufuata mstari, inayashika mawazo pale ambapo nia peke yake imeshindwa kuyashika.

Kuna jambo ambalo tafiti za Philadelphia haziwezi kutufundisha, nalo ni macho ya watu. Kwetu nyumba yenye mgonjwa ina adabu yake. Redio hupunguzwa sauti, mzaha hupungua, na mwanamke akionekana amekaa anapaka rangi maua kwenye kitabu huku mume wake ana hali mbaya ndani, yatasemwa ya kusemwa, na mawifi watakuwa wa kwanza. Aibu hiyo ingeongeza msongo kuliko ambao rangi ingeuondoa. Ndiyo maana sioni busara ya kunakili vitabu vya kupaka rangi vilivyofanikiwa huko, ambavyo hapa vitaonekana vya watoto wa chekechea. Mkeka, kofia, vitambaa vya kufuma, kawa, kikapu: hivi havimwaibishi mtu mbele ya wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa, kwa sababu kila mmoja anavijua kuwa ni kazi ya mtu mzima. Hata uzuri wake hauhitaji kutetewa. Kwa wanaume, ambao nao wanauguza zaidi ya tunavyokiri, uchongaji, kushona nyavu au kuchora kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao wa kubanwa, vinaweza kuwa mlango. Nakiri mlango huo utafunguka polepole; mwanamume wetu anapenda kuitwa kusaidia kazi kuliko kuitwa kusaidiwa.

Zimbabwe imeonyesha jinsi ya kuipa shughuli kama hii sura inayokubalika. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, eneo la Mbare jijini Harare, kwa kuwafundisha bibi 14 kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye mawazo mazito. Jaribio lililowahusisha watu 573, likachapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua sana baada ya miezi 6. Baada ya mazungumzo ya ana kwa ana, watu hukaribishwa kwenye vikundi ambamo wanafuma mikoba kwa malighafi ya plastiki iliyokwisha kutumika, huku wakizungumza. Mkoba unauzwa. Mtaalamu wa takwimu atalalamika kwamba huwezi kujua kilichosaidia ni benchi, ni kufuma, ni mazungumzo au ni fedha. Mimi hilo halininyimi usingizi. Baraza la wasusi siku zote limekuwa mchanganyiko wa vitu hivyo, na kuna maneno ambayo mtu huyatoa kwa urahisi macho yake yakiwa yameinamia kazi kuliko akiwa ametazamana na mshauri ng'ambo ya meza.

Pa kuanzia ni kwenye vitengo vya mionzi, kama vile Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Tiba hiyo kwa kawaida hutolewa siku 5 za wiki kwa wiki kadhaa, na ndugu aliyetoka mkoani hana pa kwenda wakati mgonjwa wake yuko foleni au ndani. Saa ya kungoja tayari ipo, na wakati huo mgonjwa yuko mikononi mwa wahudumu. Kinachohitajika ni chumba au kivuli, majani, nyuzi, sindano, fundi anayelipwa kwa siku kama fundi mwingine yeyote, na ofisa ustawi wa jamii aliye karibu, kwa kuwa mtu aliyejikaza kwa miezi anaweza kuangua kilio katikati ya kushona, na fundi wa mikeka asiachiwe kubeba hilo peke yake. Orodha ya mahudhurio isiwe ya lazima. Kilichotengenezwa ni cha aliyekitengeneza. Auze, ampe mgonjwa wake, au akifumue.

Nyumbani ni kugumu zaidi, na huko ndiko waliko wengi. Mwenye kumuuguza mama aliyepooza hawezi kuja mjini kufuata saa moja ya darizi. Hapa nafikiri vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na vya kufa na kuzikana vina uwezo kuliko hospitali, kwa sababu vinakutana tayari, vinajuana, na vina daftari la zamu. Kikundi kinaweza kuhamishia kikao chake barazani kwa mwenzao mwenye mgonjwa, wawili wakaingia ndani kumgeuza na kumlisha mama, yeye akabaki nje na ukili wake akiwa kati ya watu. Hakuna fedha mpya inayohitajika hapo, ila uamuzi wa kikundi na mafunzo mafupi kutoka kwa mhudumu wa afya ya jamii kuhusu namna ya kumwinua mgonjwa bila kumuumiza wala kujiumiza. Mpango huo unamwacha mmoja bila jibu, yule anayeuguza katika chumba cha kupanga, asiye na kikundi, asiyemjua jirani wa ukuta wa pili. Kwake lazima serikali ya mtaa, kupitia mjumbe au mhudumu huyohuyo wa afya ya jamii, ianze kwa kujua kwamba yupo, na hadi sasa orodha zetu zinamwandika mgonjwa peke yake.